Shamba la Juu Lililoniruka

Agata mwanangu,

Salamu hazina kazi leo. Nimekuona asubuhi ukimenya ndizi jikoni, na kabla jua halijazama nitakuona tena. Umeteremka kwa mama yako mdogo kuaga kabla ya safari yenu ya kesho, mumeo Pius umekwenda naye, baba yako amejinyoosha barazani na kofia usoni, na manyunyu ya mlimani yamewafukuza majirani wote ndani mwao. Nimepata nafasi ya kuandika bila mtu kuniuliza ninaandika nini. Karatasi hizi ni za tangu nilipokuwa msichana wa misheni. Wino ulikuwa umeganda, nikautia maji, ndiyo maana maneno haya ya mwanzo yamepauka.

Ninaandika kwa sababu tukizungumza unanijibu "ndiyo mama" kabla sijamaliza. Sikulaumu, hiyo umeirithi kwangu. Mimi nami nilimjibu bibi yako hivyo hivyo ujana wangu wote, ndiyo mama, ndiyo mama, kisha nikafanya nilivyotaka. Karatasi haikatizwi. Utaisoma mpaka mwisho, au utaifutika kwenye mzigo uisome siku ukichoka na kazi za kule juu.

Mambo ya nyumba nayapita. Kupika unajua, kutwanga unajua, na kuishi na mume utajifunza kwa kuishi naye, kama tulivyojifunza sote. Ukiugua, bibi yako yuko jirani huko juu, na dawa anazijua kuliko mimi. Ninachotaka kukuandikia ni udongo. Najua umeshaanza kucheka. Cheka, lakini soma.

Kwanza nilimalize la kikao, maana tangu siku ile hunitazami usoni. Ulikuwepo. Mjomba wako alikaa na wazee wa ukoo uwanjani kwa bibi yako, na kila mtu alijua kwamba magoti ya bibi yamekwisha na shamba lake la juu linataka mtu. Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Wa kwanza kupokea shamba la mama ni binti yake. Binti yake mkubwa ni mimi. Nilikaa pale nimevaa kaniki mpya, nimeshaandaa maneno ya kushukuru. Mjomba wako akakohoa, akasema, "Shamba la juu apewe Agata." Nikadhani amekosea jina. Nikamwuliza, "Kaka, na mimi?" Akatazama miguu yake. Aliyejibu ni bibi yako, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba chumvi: "Monika, wewe nilikupa."

Niliumia. Naliandika hapa kwa sababu mdomoni haliwezi kutoka. Niliumia nikatamani ardhi ipasuke inimeze na kaniki yangu mpya. Jioni yake ukaja jikoni ukaniambia utakataa, eti huwezi kupewa kilicho changu, nami nikakufukuza kwa mwiko. Ulidhani nimekukasirikia. Nilikufukuza kwa sababu jibu lililokuwa kwenye ncha ya ulimi wangu lilikuwa "ndiyo, kataa," na niliogopa litanitoka. Kwa hiyo nakujibu sasa, nikiwa nimetulia: usikatae. Na usinigawie nusu kwa kunihurumia. Mama yangu alisema kweli. Alinipa, na kilichokipata alichonipa unakiona kila siku ukienda mtoni, ila hukukiona kilivyokuwa mwanzo.

Mteremko ule watu wanauita Kwa Monika. Watoto wakimwona mwenzao amenyolewa kipara humwambia kichwa chake ni Kwa Monika. Nimewasikia mara nyingi, na siku moja nilicheka pamoja nao, maana kichwa chenyewe kilifanana kweli. Lakini nilipokabidhiwa, ulikuwa udongo mweusi. Ukipiga jembe linazama lenyewe. Ukiufinya kiganjani unabaki na alama za vidole vyako, halafu unaachia taratibu, unanuka uyoga. Baada ya mvua kubwa ungeweza kupita juu yake na usiteleze, kwa sababu maji yalikuwa yameshaingia ndani.

Bibi yako ndiye aliyeuweka hivyo, na mama yake kabla yake. Ulimaji wao umeuona mwenyewe, ila kwa kuwa umeuona tangu utotoni hujawahi kuutazama. Wanaanza chini kabisa ya shamba, uso ukielekea mlimani. Wanafyeka majani na magugu, wanayalaza mstari kukata mteremko, kisha wanavuta udongo wa juu yake kwa jembe kuyafunika. Hapo wanapata ngazi moja. Wanapanda hatua moja, wanalaza tena, wanavuta tena, mpaka kileleni. Msimu unaofuata wanahamisha ngazi, majani yaliyooza yanakuwa chini ya mbegu mpya. Mahindi wanachanganya na maharage na kunde, migomba wanaiacha pembeni. Maharage yakikomaa hawang'oi, wanakata shina, mizizi inabaki. Maganda wakishapura nyumbani wanayajaza kwenye tenga na kuyarudisha shambani. Watu walimcheka bibi yako kwa hilo, mwanamke mzima anabeba takataka kupanda mlima. Mimi nilikuwa wa kwanza kumcheka.

Mimi nilikuwa nimetoka misheni na ugonjwa wa usafi. Masista walitufundisha kufagia uwanja mpaka lisibaki jani, na kwa uwanja wa nyumba yalikuwa mafundisho mazuri, funza walipungua. Kuyapeleka shambani ni akili yangu mwenyewe, hakuna aliyenituma. Nilitazama ngazi za mama yangu zikiwa zimejaa majani yanayooza na wadudu wanaokimbia huku na huku, nikaona aibu. Nikasema langu litakuwa safi. Nikafyeka kila kitu, nikafagia kwa ufagio wa uwanjani, naapa, nikakusanya marundo na kuyatia moto. Migomba niliikata kwa kuwa inatia kivuli. Ngazi nikazisawazisha. Kutoka barabara ya Mlali ulikuwa ukiliona shamba langu likiwa limepangwa mistari kutoka juu kwenda chini, udongo mweusi na majivu meupe, na wapita njia walisimama kulitazama.

Bibi yako alikuja kuliona wiki hiyo hiyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona limenyolewa?"

"Limesafishwa, mama."

"Majani yako wapi?"

"Nimechoma."

"Yote?"

"Yote."

Akainama akachota majivu, akayapuliza kiganjani, yakaruka. "Mwaka huu utakula vizuri," akasema. "Mwakani pia utakula. Baada ya hapo ndipo uje tuzungumze."

"Ndiyo mama," nikamjibu, nikarudi kufagia.

Na kweli nilikula vizuri. Majivu yanalipa upesi, hilo nisikufiche, ndiyo maana watu wote wanadanganyika nayo. Mahindi yalitoka marefu kuliko baba yako, mabua manene, mahindi mawili mawili kila bua. Wakati huo Wadachi walikuwa wanaleta reli Morogoro na kambi zao zilijaa watu wasiolima, wanaotaka unga kila siku. Wachuuzi walipanda mpaka huku kununua. Hakuna aliyeuliza maharage wala kunde, walitaka mahindi, basi nikaacha maharage, nikapanda mahindi juu ya mahindi. Nikavaa kanga za mjini. Nikamnunulia bibi yako blanketi, nikampelekea huku nikipitia njia ndefu ili kila mtu alione. Nilikuwa na kiburi, Agata, cha kumwona mama yangu hajui kitu.

Halafu mahindi yakaanza kugeuka rangi. Yalianza majani ya chini, ncha kwanza, umanjano unapita katikati ya jani kuja kwenye bua, wakati la juu bado ni kijani. Mwaka uliofuata yakawa manjano yakiwa bado kimo cha goti. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri nimelogwa. Watu wengi walikuwa wamesimama barabarani kulisifu shamba lile, nikasema mmoja wao ana jicho. Nikasali novena kanisani, na kwa siri nikamwita mganga akazika vitu vyake kwenye pembe nne. Baba yako akaniambia, "Umewaajiri wote wawili. Ngoja tuone nani ataleta mahindi." Nilimnunia siku nyingi kwa neno hilo. Nilikuwa tayari kumshuku kila jirani wa mteremko ule, na wawili hatujapatana vizuri mpaka leo, lakini jembe langu na kiberiti changu sikuvishuku hata siku moja.

Masika yaliyokuja yakamaliza kazi. Udongo ulikuwa hauna kitu cha kuushika, si majani, si mizizi, na mistari yangu mizuri ya kwenda chini ikawa mifereji. Mvua moja ya usiku na asubuhi, basi. Nilipotoka niliukuta mteremko umechanika, na chini bondeni mpunga wa mama yako mdogo umefunikwa na tope jekundu. Lilikuwa shamba langu lile, limelala juu ya mpunga wake. Nilimwendea kumwomba radhi. Akaniambia, "Dada, hodi zenu zimekuwa nzito." Bado ananitania nalo, leo akikuuliza kama mama yako amekutuma na udongo wowote, ujue anazungumzia hilo.

Zamani kosa kama langu lilikuwa na dawa. Shamba likichoka unaliacha, unapanda juu kidogo, unaomba kipande kwa mwenye ukoo, unafyeka msitu. Lililoachwa linaota vichaka, linapumzika mpaka wajukuu. Nilipanga kufanya hivyo. Lakini mwaka ule ule ndipo Wadachi walipopanga mawe ya mpaka kuzunguka msitu, wakaweka na askari wa kuulinda, na mtu akikutwa ndani na panga anapelekwa bomani kuchapwa viboko. Sikuwa na pa kwenda. Nikabaki na kipara changu.

Sasa nikueleze la Mdachi wa udongo, maana ulikuwa bado unanyonya, na baba yako hulisimulia vibaya. Alikuwa mtu mwembamba, pua imechubuka kwa jua, anatembea milimani na wapagazi wakimbebea visanduku. Baba yako alikuwa mmoja wao. Mdachi alikuwa akichimba udongo mahali na mahali, anautia kwenye visanduku. Kiswahili alijua cha kutosha kukuudhi. Alipiga hema hapa kwetu kwa sababu ya kisima, na siku moja mchana akafanya kazi yake uwanjani, nasi tukakaa kumtazama kama tunavyotazama fundi yeyote.

Alichota udongo wa shamba la juu la bibi yako, akaukausha, akaupima kwenye mizani ndogo. Akauweka kwenye kibakuli cha chuma juu ya makaa na kumwambia baba yako avukute. Ukafuka moshi, ukanuka kama manyoya yanayoungua. Ulipopoa ulikuwa umekuwa mwekundu kama kigae. Akaupima tena. Ule upande wa mizani uliokuwa umelala ukanyanyuka. Sehemu ya udongo ilikuwa imekwenda na moshi, na wote tuliona.

"Kilichokwenda ndicho kilichokuwa kinafanya udongo uwe mweusi," akasema. "Ni majani na mizizi ya zamani, iliyooza polepole miaka mingi. Hicho kinashika maji. Hicho kinalisha mahindi."

Kisha akachota udongo wangu. Ulikuwa mwekundu hata kabla ya kuwekwa motoni. Akauchoma, na haukutoa moshi. Akaupima, mizani ikasimama karibu pale pale. Akautazama, akanitazama, akasema bila ubaya wowote, kama anayesoma, "Mama, huu umeshauchoma wewe. Mimi sina cha kuchoma."

Wapagazi walicheka. Baba yako hakucheka, na hilo nimemhesabia maisha yangu yote. Mimi niliingia ndani nikakaa kwenye giza la jikoni. Nilikuwa nimefuga hasira na majirani muda mrefu, na ghafla nikawa sina wa kumkasirikia. Nilikumbuka marundo yangu yakiwaka na ule moshi mzuri mnene ukipanda juu, mimi nimesimama na ufagio, ninafurahi. Sikujua kwamba ninaangalia chakula cha miaka yako kikienda mawinguni.

Jioni nilitoka nikamwuliza, basi kitarudi? Alikuwa anakula. Akasema kinarudi, lakini kinaondoka kwa mbio na kinarudi kwa kutambaa. Akaondoka mezani kwake, akang'oa mche wa kunde kwenye bustani yangu, akanioshea mizizi kwenye ndoo. Ilikuwa na vifundo vidogo vidogo, kama shanga. Nimevilima maisha yangu yote nikidhani ni ugonjwa. Akakata kimoja kwa ukucha, ndani ni chekundu kama nyama. Akasema hewa tunayovuta ina kitu ambacho mahindi yanakihitaji kuwa kijani lakini hayawezi kukichukua yenyewe, na kunde na maharage ndiyo yanayokikamata, kwenye vifundo hivyo, na ukiacha mizizi ardhini kinabaki ardhini. Moto ukiwaka, nacho kinaondoka na moshi. Ndipo nikaelewa yale matenga ya maganda, na kwa nini bibi yako hukata maharage badala ya kung'oa. Nilimwuliza baadaye kama alijua habari za hewa. Akaniambia, "Hewa sijui. Najua mahindi yanapenda kukaa yalipokaa maharage."

Usidhani nakuambia Wadachi wana akili kutushinda, wala usidhani kinyume chake. Yule alijua yote hayo, na ndugu zake walikuwa wakati ule ule wanafyeka mgongo mzima wa mlima upande wa pili kupanda kahawa, udongo umeachwa wazi chini ya miti kama uwanja wangu. Alipopita aliona, akatikisa kichwa, akaendelea na visanduku vyake. Sasa kahawa ile imekufa na pale ni ukoka na mashimo. Nami nilikuwa na mama aliyejua, nikamjibu ndiyo mama. Kujua kwa mtu mmoja hakumsaidii mwenzake kama mwenzake hataki kusikia.

Baba yako na mimi tukaanza upya. Hakuna hadithi nzuri ya kusimulia hapo. Nilirudi kwa bibi yako nikamwambia, mama, nimekuja tuzungumze. Akanipa panga, akanionyesha majani, hakusema "nilikuambia," na heri angesema. Majani yangu yenyewe hayakutosha, nikabeba kutoka kandokando ya mto, nikaomba mabua kwa watu waliotaka kuyachoma, nikabeba samadi ya mbuzi mgongoni. Nikapanda kunde na mbaazi peke yake, misimu na misimu, huku tukinunua mahindi kwa watu. Wewe ulikua kwa kunde zile. Ndiyo maana huzipendi. Vikichaka vya juu nikaviacha viote vinavyotaka. Walionisifu kwa usafi wakapita wakasema Monika siku hizi amekuwa mvivu.

Juzi, baada ya kikao, nilikwenda pale nikachimba kwenye ngazi ya chini kabisa, ya zamani kuliko zote. Weusi umerudi. Ni kina cha kidole hiki cha shahada, si zaidi, na chini yake wekundu ule ule. Ndani yake kulikuwa na nyungunyungu mmoja. Nilimtazama mpaka akajificha. Umri wako wote ndio umenipa kidole kimoja, Agata, na nilipopewa mimi jembe lilikuwa likizama lote bila kufika kwenye wekundu. Nilikaa pale nikalia kidogo. Halafu nikaelewa kwa nini mama yangu alijibu alivyojibu. Hakuwa ananiadhibu. Alikuwa na udongo wa mwisho wenye kina, hana nguvu ya kuulinda, na nyuma yake kuna mawe ya mpaka. Angeweza kuuweka kwangu kwa sababu mimi ni binti yake, au kuuweka kwako, ambako una miaka mingi zaidi mbele yake.

Shamba lenyewe unalijua, lakini hujawahi kulitazama kama lako. Tangu magoti yake yaanze, nusu ya juu imekaa bila jembe, na sasa vichaka vimeshikana, mikenge imeota, chini yake majani yamelundikana mguu unazama. Ukiingia pale kama mtu mwenye njaa ya mahindi utaona kazi kubwa inayoomba njiti moja tu ya kiberiti. Moto utaisafisha kabla ya chakula cha mchana. Mavuno mawili yatakuwa ya kusimuliwa. Nimekwisha kukuandikia yanayofuata.

Na hapa nimtaje Pius. Ni kijana mzuri, mchapakazi, ananisalimu vizuri, na anakutazama inavyofaa. Lakini kwao ni Ngerengere, ardhi tambarare, nyasi ndefu. Kule wanachoma kila kiangazi na mvua haiwaibii udongo kwa kasi ya huku kwetu. Nimemsikia akimwambia baba yako kwamba wiki ya kwanza tu atakuwa ameshasafisha nusu ya juu, na kwamba mjini bado wanataka mahindi. Alilitamka lile neno, kusafisha, kwa sauti yangu kabisa ya ujana. Sikumjibu. Mkwe hajibiwi na mama mkwe mbele ya watu, na wewe ndiwe mwenye shamba. Yeye amekuja kwenye ardhi ya mkewe kama baba yako alivyokuja kwangu. Baba yako siku ile ya moto aliniuliza mara moja, "Una hakika?" nikamwambia ardhi ni ya kwetu, si ya kwenu, akanyamaza. Ningependa asingenyamaza. Kwa hiyo usimnyamazishe Pius kwa neno hilo, zungumza naye. Mwoneshe vifundo vya kunde, anapenda kuona vitu kwa macho. Mpeleke Kwa Monika, umchimbie mwenyewe. Hapo panatosha kumweleza, wala sitaona vibaya.

Kazi ya kulaza majani yale ni nzito kwa watu wawili. Mtahitaji ujima. Utapika pombe, bibi yako atakuonyesha kiasi, na utawaita watu wa ukoo, kila mmoja aje na jembe lake. Sasa hili ndilo nililokuwa ninalizunguka tangu mwanzo wa karatasi, na naona wino unakaribia kwisha. Ukiwaita watu, na mimi niite. Usione haya kumwita mama yako kwenye shamba lililomruka. Sitakuja kama mwenye kudai wala sitasimama pembeni kutoa amri. Ukiniona natoa amri nikatize kwa "ndiyo mama," nitaelewa. Niweke ngazi ya chini kabisa, pale wanapoanza. Kulaza majani sasa ninajua, pengine kuliko wengi watakaokuwepo, maana wao hawajawahi kuyakosa. Nataka mama yangu akae kwenye kigoda chake aone mikono yangu ikifanya kitu hicho kwenye udongo wake, mara moja, angali anaona.

Nakusikia mnapanda njiani, wewe na Pius, na unacheka, kwa hiyo mama yako mdogo ameshakuambia habari za udongo. Namaliza haraka. Mungu awatangulie. Ukifika mwamkie bibi, mwambie blanketi lile kama limechakaa nitamletea jingine, na safari hii nitapitia njia fupi.

Kesho njiani Pius atatafuta kiberiti chake kwenye mzigo na hatakiona. Asikugombeze, nimekichukua mimi. Moto wa kupikia mtaomba kaa kwa bibi yako, ni karibu. Kiberiti nitakirudisha kwa mkono wangu mwenyewe, siku mtakayoniita.

Mama yako,
Monika